Dishi Likae Sawa Ndipo HD Ionekane

Dishi likifungwa na picha ikatokea, wengi hukaza nati, hushuka ngazi na kuhesabu kazi imekwisha. Kumbe picha kutokea ni mwanzo tu. Inakuambia kwamba mawimbi yamevuka kizingiti, lakini haikuambii yamekivuka kwa kiasi gani. Enzi za analojia, mawimbi yalipopungua uliona chenga, na chenga zilizidi taratibu mpaka ukachoka kutazama. Kwenye dijitali hakuna hatua hiyo ya katikati. Picha ni safi, kisha inaganda vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Dishi lililokosea kidogo tu litaonyesha picha nzuri kabisa wakati wa jua kali la Januari, halafu masika yakianza Machi linakaa kimya kila wingu zito linapopita.

Chaneli za HD ndizo hutangulia kupotea, na sababu yake inaeleweka. Ili picha nyingi zenye data kubwa zitoshe kwenye nafasi ile ile ya masafa, watoa huduma hutumia mfumo wa DVB-S2 na kuzifunga data kwa namna iitwayo 8PSK. Namna hiyo, ikiwa na kinga ya makosa ya robo tatu (robo tatu ni data yenyewe, robo ni ya kurekebisha makosa), inahitaji mawimbi yaizidi kelele kwa takriban desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu). Namna ya zamani zaidi, QPSK, kwa kinga hiyo hiyo inaridhika na desibeli 4. Tofauti hiyo ya desibeli 4 ndiyo inayokula akiba ya fundi mzembe. Dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya Ku, yale yanayotumiwa na madishi haya madogo ya nyumbani, lina jicho jembamba lenye upana wa digrii 2 hivi, kwa hiyo likikosea kwa digrii moja tu limeshapoteza nusu ya nguvu ya mawimbi.

Digrii moja ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bomba la kipenyo cha milimita 50, digrii moja ya kuzunguka haifiki hata nusu milimita kwenye ngozi ya bomba. Kwenye ukingo wa dishi ni kama milimita 7 au 8. Ndiyo maana kulisukuma dishi kwa mikono miwili huku mtu akipiga kelele sebuleni "imekuja! imepotea!" hakuwezi kutoa kazi ya HD.

Jua setilaiti yako iko wapi

Nichukue Dar es Salaam kama mfano. Azam TV hurusha kupitia setilaiti za Eutelsat zilizo longitudo ya digrii 7 mashariki, na DStv ya Afrika Mashariki iko digrii 36 mashariki. Zote ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, lakini ukiwa Dar pande za kuzitafuta hazifanani hata kidogo.

Setilaiti ya digrii 7 iko karibu magharibi kamili: dira isome digrii 281, na mwinuko uwe digrii 52 kutoka upeo wa macho. Ya digrii 36 iko karibu utosini, mwinuko digrii 81, ikiegemea kaskazini kidogo upande wa magharibi, dira 334. Ukihamia Mwanza, ya digrii 7 inapanda hadi mwinuko wa karibu digrii 60 kwenye dira 275, na ile ya digrii 36 inahamia kaskazini-mashariki, dira 51, mwinuko digrii 85. Nairobi ya digrii 36 iko juu yako kabisa, digrii 88. Fundi aliyezoea kufunga Dar akienda Mwanza na kulielekeza dishi la digrii 36 kaskazini-magharibi, atatafuta mpaka jua lizame.

Hesabu ya vizuizi inatoka kwenye mwinuko huo. Kwa digrii 52, kila mita moja ya umbali inakuruhusu kizuizi kilicho juu ya dishi kwa mita moja na robo hivi. Mnazi unaolizidi dishi kwa mita 10 lazima uwe umbali wa mita 8 au zaidi, na uache nafasi ya ziada kwa sababu makuti huyumba na mti hukua. Mwembe wenye majani mabichi yaliyolowa ni mbaya zaidi, maana maji ndiyo yanayoyameza mawimbi ya Ku. Kwa setilaiti ya digrii 36 ukuta wa jirani hausumbui. Kinachosumbua ni ukingo wa paa na tawi lililo juu ya dishi.

Ipo njia ya kuhakikisha bila kifaa chochote. Siku chache baada ya tarehe 20 Machi, na tena siku chache kabla ya tarehe 23 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti. Kwa Dar na setilaiti ya digrii 7, ni karibu na saa tisa alasiri. Mahali penye jua saa hiyo ndipo setilaiti ilipo, na penye kivuli pana kizuizi. Siku hizo hizo picha inaweza kukatika kwa dakika chache kwa sababu kelele ya jua inaingia moja kwa moja kwenye jicho la dishi. Usiguse kitu, itarudi yenyewe.

Bomba kwanza

Kazi ya bomba inadharauliwa mno, nami naiweka juu ya zote. Bomba likiegemea digrii moja, kila unapolizungusha dishi kushoto au kulia mwinuko nao unabadilika, na unabaki kukimbizana na makosa mawili kwa pamoja. Pima kwa timazi au pimamaji pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Upande mmoja hautoshi.

Tumia bomba la chuma la kipenyo cha nje cha milimita 50, unene wa milimita 2 kwenda juu, lisilozidi mita moja kutoka linaposhikwa hadi dishi lilipo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unalisukuma dishi la sentimita 90 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20, na kwenye pwani upepo wa kusi haukuombi ruhusa. Usifunge kwenye bati. Bati hulia, hutikisika na huvuja. Funga kwenye mkanda wa zege wa lenta au kwenye nguzo, kwa bolti nne za milimita 10 zinazotanuka ndani ya tundu. Kwenye tofali la matundu bolti hizo hazishiki, zinapasua tu. Kama bomba linasimama ardhini, lizamishe sentimita 60 ndani ya zege na uliache siku tatu kabla ya kupandisha dishi. Mdomo wa juu uzibwe maji yasiingie.

Kwa wale wa setilaiti ya digrii 36, dishi hulala karibu kutazama mawingu, na mvua inaweza kutuama ndani yake. Toboa tundu dogo la milimita 5 mahali pa chini kabisa, kisha paka rangi ukingo wake usishike kutu. Kwa mawimbi yenye urefu wa sentimita mbili na nusu tundu hilo halina athari, bali maji yaliyotuama yanayo.

Kebo na viunganishi

Nunua kebo aina ya RG6 ya ohmu 75, yenye ganda jeusi linalostahimili jua. Sumaku ndogo itakusaidia dukani: iguse kwenye waya wa kati. Ukishikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa shaba. Kinafaa kwa mita 15 au 20, lakini kebo ikiwa ndefu zaidi chuma hicho kinapunguza voliti inayopanda kwenda kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Shaba tupu haishikwi na sumaku.

Voliti hiyo ina kazi mbili, nayo ndiyo siri ya matatizo mengi. King'amuzi kikituma voliti 13, LNB hupokea mawimbi ya wima. Kikituma 18, hupokea ya mlalo. Juu ya voliti hizo huongezwa mlio wa kilohezi 22 unaoiamuru LNB ihamie bendi ya juu. LNB ya kawaida hupunguza megahezi 9750 kwenye masafa ya bendi ya chini na 10600 kwenye ya bendi ya juu, zikigawanyika kwenye megahezi 11700. Kwa hiyo masafa ya 12245 hushuka kwenye kebo yakiwa 1645. Ukijua hayo, dalili zinasomeka. Zikikosekana chaneli zote za mlalo na za wima zipo, tazama kebo, kiunganishi au voliti. Ikikosekana bendi ya juu yote, mlio wa 22 haufiki au namba za LNB zimejazwa vibaya kwenye menyu. Zikikosekana za HD tu na nyingine zinaonekana, rudi kwenye dishi.

Kiunganishi kitengenezwe hivi. Kata ganda la nje sentimita moja na nusu. Rudisha nyuzi za kinga nyuma zote, usiache hata moja mbele. Kata plastiki nyeupe na karatasi ya alumini, ukiacha waya wa kati wazi kwa milimita 8 hivi. Sukuma kiunganishi mpaka plastiki nyeupe ifike sawa na sakafu yake ya ndani, waya wa kati ukichungulia milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Uzi mmoja wa kinga ukigusa waya wa kati ni shoti, na king'amuzi kitaandika kwamba LNB imezidiwa au hakitaandika chochote. Viunganishi vya kubana kwa koleo lake maalumu hudumu kuliko vya kuzungusha kwa mkono. Nje, zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, siyo utepe wa umeme peke yake, kwa sababu gundi yake huyeyuka kwa joto. Kabla kebo haijaingia ndani iteremke kidogo kisha ipande kwenye tundu, ili maji yadondokee pale chini.

Na kila unapounganisha au kufungua, king'amuzi kiwe kimezimwa ukutani.

LNB haikai wima

Hapa ndipo HD nyingi hupotea katika nchi zetu. Kwenye vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, LNB huzungushwa digrii chache tu. Sisi tulio karibu na ikweta, tukitazama setilaiti iliyo mbali upande wa magharibi, ukanda wa setilaiti tunauona ukisimama karibu wima angani. Mawimbi yaliyoitwa ya mlalo kule juu yanatufikia yakiwa yameinuka sana. Kwa Dar na setilaiti ya digrii 7, LNB inatakiwa kuzungushwa takriban digrii 77 kutoka mkao wa kiunganishi kutazama chini. Ukisimama nyuma ya dishi ukitazama magharibi, zungusha kinyume cha saa, mpaka kiunganishi kielekee karibu upande wako wa kulia, yaani kaskazini. Kwa setilaiti ya digrii 36 ukiwa Dar, ni digrii 26 hivi, kwa upande huo huo.

Mkao huu ukikosewa kwa digrii 15 au 20, nguvu ya mawimbi haishuki sana, kwa hiyo mita ya fundi itafurahi. Kinachotokea ni kwamba mawimbi ya wima yanavujia kwenye ya mlalo, na kelele hiyo inaharibu ubora. Tazama kipimo cha ubora, usitazame cha nguvu. Nguvu inaweza kusoma asilimia 70 wakati dishi linatazama anga tupu, maana LNB yenyewe hutoa kelele inayopimwa kama nguvu.

Kulenga

Weka king'amuzi na televisheni ndogo pale pale penye dishi, au mita ya kidijitali inayoonyesha ubora. Mita ndogo za mshale zinapima nguvu tupu na haziwezi kukuambia umekamata setilaiti ipi. Hilo si jambo dogo, kwani jirani wa digrii 7 ni SES-5 iliyo digrii 5, mbili tu pembeni. Kwenye menyu jaza masafa, mkao wa mawimbi (wima au mlalo) na kasi ya data kama mtoa huduma wako alivyovitoa, ili ubora upande kwa setilaiti sahihi tu.

Weka mwinuko kwanza kwa kipimo kilichochongwa kwenye kishikio. Usipime uso wa dishi kwa simu ukashangaa namba hazilingani. Madishi haya ya kawaida hupokea kwa kuegemea, kwa kiasi cha digrii 25 hivi, kwa hiyo uso wa dishi linalotazama digrii 52 utakuwa umelala nyuma kama digrii 27 tu kutoka wima. Kipimo cha kishikio kwa kawaida kimeshaizingatia tofauti hiyo. Dira ya simu nayo itumie ukiwa umesogea mita kadhaa kutoka kwenye bati na bomba, chagua alama ya mbali kama mnara au kona ya nyumba, kisha rudi ulenge alama hiyo.

Nati za kuzunguka ziwe zimekazwa nusu, dishi lisogee kwa kulazimishwa kidogo. Sogeza hatua ndogo, subiri sekunde tatu, sogeza tena, maana king'amuzi huchelewa kusoma. Ubora ukitokea, usisimame hapo. Endelea upande ule ule mpaka uanze kushuka, weka alama ya penseli kwenye bomba. Rudi upande wa pili mpaka ushuke kwa kiwango kile kile, weka alama ya pili. Dishi likae katikati ya alama hizo. Kilele chenyewe ni butu na jicho halikioni vizuri, lakini miteremko yake miwili inaonekana wazi. Fanya hivyo hivyo kwa mwinuko, kisha kwa mzunguko wa LNB, kisha isogeze LNB mbele na nyuma milimita chache kwenye kishikio chake. Mwisho rudia kuzunguka na mwinuko mara moja zaidi.

Kaza nati kwa zamu, robo mzunguko kila moja, macho yakiwa kwenye kipimo. Kukaza upande mmoja mpaka mwisho hulivuta dishi, na ubora ulioupata kwa nusu saa unaondoka kwa mkono mmoja wa spana.

Ndani ya nyumba

Inasikitisha kuona dishi limelengwa vizuri, kifurushi cha HD kimelipiwa, halafu king'amuzi kimeunganishwa kwa waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano hupitisha picha ya mistari 576 na si zaidi. Tumia HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080 au 720 na umbo la 16:9. Ving'amuzi vingine hubaki vimewekwa kwenye 576 hata baada ya HDMI kuchomekwa.

Ukitaka king'amuzi cha pili chumbani, usigawe kebo kwa kigawanyio cha bei rahisi. Kimoja kikitaka voliti 13 na kingine 18, LNB itasikiliza ile kubwa na mwenzake atapoteza chaneli. Chukua LNB yenye milango miwili na uteremshe kebo ya pili. Kwa madishi mawili na king'amuzi kimoja kinachokubali, swichi ya DiSEqC, inayochagua dishi lipi lisikilizwe, hufaa, ila ifungwe chini ya dishi isinyeshewe, na namba ya mlango kwenye menyu ilingane na ule uliochomeka.

Antena ya kawaida ni suala fupi zaidi. Tangu analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya ardhini hupokelewa kidijitali kwenye masafa ya juu yaitwayo UHF, na fimbo za antena yake ni fupi, sentimita 30 hivi kwa megahezi 500. Ile antena kubwa ya zamani yenye fimbo za mita moja na zaidi haifai. Tazama antena za majirani fimbo zimelala au zimesimama, nawe uweke hivyo hivyo, ukielekeza upande wenye fimbo fupi kwenye mnara. Busta ifungwe juu karibu na antena, siyo nyuma ya televisheni, kwa sababu huko chini inakuza kelele iliyokwisha kuingia kwenye kebo. Karibu na mnara usiifunge kabisa, itazidiwa na chaneli zitapotea.

Kuhusu radi, hasa kanda ya ziwa, nasisitiza bila kuzungusha maneno. Bomba liunganishwe ardhini kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, njia iliyonyooka, kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini mita moja na nusu, na fimbo hiyo iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba. Hiyo inaondoa chaji inayojikusanya kwenye chuma. Haizuii radi inayopiga moja kwa moja. Kwa hiyo ngurumo zikikaribia chomoa plagi na kebo ya dishi pia, na ufanye hivyo mapema, kwa kuwa kuishika kebo wakati radi imeshafika ni hatari kwako.

Ubora uliopata siku ya kufunga uandike kwa wino kwenye mkanda wa karatasi nyuma ya king'amuzi, pamoja na jina la masafa uliyopimia. Februari, kabla ya masika, fungua menyu na ulinganishe kwa masafa hayo hayo, siku isiyo na mawingu. Kama umeshuka, anza na kiunganishi cha LNB: fungua, tazama kama waya wa kati umeota kijani, kata kipande kilichooza mpaka ufike shaba inayong'aa, funga kipya. Kama kiunganishi ni kizima, tazama zile alama za penseli kwenye bomba.